Mkebe wa Ugoro Mbele ya Dira

Machakos, kibandani kwangu, mchana

Mwanangu Mumbua,

Ukiikuta karatasi hii katikati ya nguo zako utacheka kwanza. Utasema, huyu mzee tumelala nyumba moja naye, ukuta wenyewe ni wa mbao, si angesema tu? Nimejaribu kusema. Tangu uje nyumbani nimekuwa nikisema, na kila nikifungua mdomo juu ya ile mashua tunaishia kupigiana kelele mpaka jirani anapunguza redio yake ili asikie vizuri. Mama yako amechoka. Leo asubuhi ulipoondoka kwenda Kithimani kumuaga shangazi yako, aliniwekea chai mezani akasema, "Baba Mumbua, wewe na huyu mtoto mmefanana midomo. Mwandikie." Basi nimerudisha mlango wa kibanda nusu, nimesukuma redio za watu kando, na hapa nilipo naandika.

Mambo ya sweta, ya dawa za malaria na ya kwenda kanisani, sitayagusa. Hayo mama yako atakuhubiria kesho mpaka gari litakapowasha injini, na usipoitikia atayaanza upya. Mimi nataka tuongee juu ya vifaa vya mashua, na juu ya lile neno nililolitoa Jumapili.

Huyo Bi Rehema wa Kilifi amekufanyia heshima kubwa, hata kama nimeisema vibaya wiki hii yote. Amenunua mashua ya matanga, ya mbao, nzee kukushinda wewe, na amekwambia: wewe umesomea bahari, chagua vifaa vitakavyotuongoza kando ya pwani mpaka Lamu na kurudi, halafu usukani ni wako. Keshokutwa anangoja jibu lako. Mtoto wa Machakos, mahali ambapo maji mengi tuliyo nayo ni bwawa la Maruba, na hilo nalo likishuka tunaanza kuombea mvua. Nikiwasimulia watu hapa stendi hawaamini. Nasimulia hata hivyo, tena na tena, mpaka mama yako aliniuliza kama nalipwa.

Lakini Jumapili ulipotandaza zile picha zako za vifaa mezani, kati ya sahani za muthokoi, nikaona GPS, nikaona sijui mashine gani ya kuonyesha ramani kwenye kioo, na dira mpya ya plastiki. Yangu haikuwemo. Nikaenda kuileta, nikaiweka juu ya picha zako kama mtu anayeweka jiwe juu ya makaratasi. Nikakwambia usiache mbachao kwa msala upitao. Wewe ukanijibu, "Baba, mbachao wenyewe umetoboka." Mama yako akacheka. Mimi nikawaka. Nikasema usipobeba dira yangu usitegemee baraka yangu.

Mama yako aliweka kijiko chini. Na wewe ambaye hujawahi kuacha neno langu lipite bila jibu, hukujibu. Uliosha vyombo ukaenda kulala. Tangu siku hiyo umekuwa ukiniamkia kwa adabu, "Shikamoo Baba," kama mtoto wa mtu mwingine. Afadhali ungenipigia kelele.

Bado nataka uibebe, nisikufiche. Ila nataka uibebe ukijua ilikotoka, kwa sababu hadithi niliyokusimulia tangu utotoni ni nusu tu. Ni ile nusu inayonipendeza.

Unajua kwamba ulipokuwa unatambaa nilikuwa fundi wa redio Mombasa. Unajua pia juu ya Daktari Pinto, yule Mgoa, daktari wa meno aliyestaafu akahamia Kilifi na mashua yake ya matanga. Aliniita nimtengenezee redio na kile kipima kina, kifaa cha stima kinachopeleka mlio chini ya maji halafu kinakuonyesha bahari ina kina gani. Nikatengeneza. Nilipokusanya bisibisi zangu niende, akaniambia, "Fundi, kesho utakuja na sisi mpaka Malindi. Kikiharibika njiani, nitamwita nani, papa?"

Mimi Mkamba wa milima ya Mua sikuwa nimewahi kupanda kitu kinachoelea. Lakini walikuwepo watu wananitazama, nikasema sawa.

Tulikuwa watatu. Mimi, Daktari, na Athumani wa Takaungu, baharia wa rika langu, mwenye ulimi wa kukata kamba. Athumani ndiye aliyenifundisha kushika usukani, na kwa kweli nilishika vizuri. Dira ilikuwa imefungwa mbele ya usukani, karibu na kifua cha anayeshika: bakuli la shaba lenye kioo, na ndani yake kisahani kinachoelea chenye alama za digrii. Daktari akanionyesha alama moja, akasema, "Ikae hapa. Usiiache iende popote." Nikaikazia macho.

Sasa sikiliza nusu ya pili. Siku hizo nilikuwa navuta ugoro, kama marehemu babu yako. Na mkebe wangu wa ugoro haukuwa mkebe wa kila mtu. Kifuniko kilikuwa na tabia ya kufunguka, mfuko wote wa shati unajaa ugoro, unapiga chafya siku nzima. Basi nikachukua sumaku ya spika iliyokufa nikaibandika ndani ya kifuniko. Ikawa ukikisogeza tu kinajifunga chenyewe, tap. Watu wa Machakos walioko Mombasa walikuwa wanakuja niwatengenezee yao. Nilijiona profesa. Na mkebe huo ulikaa mfuko wa shati, hapa kwenye moyo, siku zote.

Najua wewe umeshashika kichwa. Mimi sikushika. Fundi wa redio, mtu anayeishi na sumaku kutoka asubuhi hadi jioni, nilisimama mbele ya dira ya meli na sumaku kifuani na sikuona ajabu yoyote.

Tulitoka Kilifi hali ya hewa ikiwa nzuri, pwani tukiiona upande wa kushoto. Pwani ikionekana dira haina kazi sana, unafuata macho. Halafu mvua ikashuka, ile ya pwani inayokuja kama mtu amevuta pazia, na nchi kavu ikapotea. Daktari alikuwa chini na ramani yake. Athumani alikuwa anashona tanga lililochanika. Nikabaki mimi na ile alama. Nikajiambia, leo ndio watajua Mkamba ni nani. Nikainama niione vizuri. Kila nilipoona wasiwasi niliinama zaidi, na kila nilipoinama mkebe ulisogea karibu na dira, na dira ikanidanganya zaidi. Kadiri nilivyojitahidi ndivyo nilivyowapeleka watu mwambani.

Athumani alitoa kichwa. "Mkamba, hiyo ni radi ama ni mwamba unanguruma?"

"Dira inasema tuko sawa," nikamwambia.

"Dira ina masikio?"

Nikamwonyesha kipima kina, kile nilichokitengeneza kwa mikono yangu. Kilikuwa kinaonyesha maji marefu kabisa. Nilitabasamu hata. Athumani aliinuka. Alichukua bildi, kile kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba yenye mafundo, akakipaka sabuni chini, akakitupa. Kamba ilienda kidogo tu, ikalegea. Akakivuta. Kwenye sabuni kulikuwa na vipande vya matumbawe vimenata. Alimwonyesha Daktari, hakunionyesha mimi.

Waligeuza mashua mimi nikiwa bado nimeshika usukani kama mti. Tanga likapiga kelele, kila kitu kikaanguka, na mvua ilipofunguka kidogo nikaona mawimbi meupe yanavunjika pale tulipokuwa tunaelekea. Karibu sana, mwanangu. Ningemaliza kikombe cha chai tungekuwa juu yake. Nikakaa chini, na nilimfikiria mama yako na wewe unayetambaa, sikuwa na aibu, nililia.

Tulipotulia, Daktari akaanza kutafuta. Athumani akishika usukani dira iko sawa. Nikisogea mimi, kisahani kinanigeukia kama mbuzi aliyesikia debe la chumvi. Nikirudi nyuma, kinatulia. "Fundi," Daktari akasema, "una nini mwilini?" Nikavua mkanda. Nikatoa funguo. Nikatoa bisibisi mbili, maana fundi hatembei bila bisibisi. Nikasogea, kikanigeukia. Athumani akanitazama kutoka juu mpaka chini akasema, "Huyu Mkamba ana dawa."

Dawa ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Daktari aliushika ule mkebe kwa vidole viwili, akausogeza kwenye dira, akauondoa, akausogeza tena. Kisha akacheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Athumani hakucheka siku hiyo. Alicheka kesho yake, na hakuacha. Mkebe wangu ulisafiri mpaka Malindi umefungwa kwa uzi kwenye omo, mbele kabisa, peke yake, na kila nilipotaka ugoro ilibidi nitambae kule kwenye mawimbi kama mtu anayekwenda kuungama. Nilianza kuacha ugoro safari ile ile.

Na kipima kina? Waya mmoja sikuufunga vizuri, chumvi ikaingia, kikaganda kwenye namba ya asubuhi. Hakikusema uongo, kilikuwa kimelala.

Daktari alipoiuza mashua akaenda kukaa na watoto wake ng'ambo, alinipa ile dira. Akasema, "Chukua, mmeshajuana." Mimi nyumbani nikasema nimepewa kwa ubaharia wangu. Hivyo ndivyo umesikia tangu ukiwa mdogo, na hivyo ndivyo nilisema hata Jumapili. Sasa umejua.

Tangu siku ile siamini kifaa kimoja kinachoniambia niko sawa. Naamini viwili visivyojuana vikisema jambo moja. Dira na sikio. Bildi na ramani. Mashua nzee hasa, kwa sababu ina mambo yake ya zamani kama mtu aliyeoa mara tatu. Ina injini ya chuma chini ya sakafu, ina misumari ambayo mwenyewe hajui ilipo, na mnyororo wa nanga mtu anauhamisha kutoka huku kwenda kule bila kumwambia mwenzake, na dira inaona yote hayo. Ulisema kitu cha kwanza utakachomwomba Bi Rehema ni siku moja ya maji matulivu pale kwenye mkono wa bahari wa Kilifi, uizungushe mashua polepole, uandike dira inakosea kiasi gani kila upande. Nilikupigia kelele uliposema hivyo, kana kwamba umeniibia. Ulikuwa sawa. Daktari angekuvulia kofia.

Juu ya GPS nilisema ni toi ya vijana wa Nairobi. Hilo nalo nalifuta. Ulinieleza kitu ambacho nimekuwa nikikitafuna tangu wiki jana: kwamba ramani nyingi za pwani yetu zilipimwa na watu wa zamani kwa vifaa vyao, na GPS inapima kwa setilaiti, kwa hiyo kidude kinaweza kuwa kinasema kweli, na ramani inasema kweli, na bado ukiviunganisha mashua yako inachorwa juu ya mnazi wa mtu. Hata mimi nisiyejua bahari nimeipenda hiyo. Kibebe. Kibebe kile kidogo cha mkononi kinachotumia betri za tochi, na betri zingine ndani ya mfuko usioingia maji. Ile mashine kubwa ya kioo iache. Hapa nasema kama fundi, si kama baba. Waya za mashua nzee zimeoza mahali usipopaona, na betri moja ikifa katikati ya mvua, kila kinachoitegemea kinakufa nayo siku hiyo hiyo, kama ukoo uliokula nyama moja mbovu.

Bildi ibebe, wakikucheka ibebe. Sabuni usisahau. Ramani iwe ya karatasi na iwe mpya, na bikari, rula na penseli laini, na jedwali la maji kujaa na kupwa, maana mlango wa mwamba unaopitika maji yakijaa si mlango tena wakati wa bamvua maji yakitoka. Wewe unayajua haya kunishinda. Naona nimeanza kukufundisha kazi yako.

Na darubini nzuri, tafadhali. Tukirudi kutoka Malindi Daktari alinipa heshima nyingine, nafikiri alinihurumia. Alinipa dira ndogo ya mkononi akasema nichague kitu pwani kisichohama, nikipime, tujue tulipo. Sisi watu wa milima tumelelewa vibaya kwa jambo hilo. Ukiwa Mua asubuhi Kilimambogo iko pale, jioni iko pale, hakuna siku imeamka mahali pengine. Nikaona kitu cheupe, kirefu, kinang'aa. Nikapima. Nikapima tena baada ya muda, Daktari akachora mistari yake, na kwa ile hesabu mashua yetu ilikuwa imeruka kurudi Malindi. Athumani akachukua darubini. Alitazama, akanirudishia. Kilikuwa ni lori. Mtu alikuwa amepakia chumvi yake, akaondoka kwenda kwake.

Haya, tunarudi kwenye dira yangu. Nimekuambia ukweli wake wote, na bado nataka uibebe, na sababu ni hii. Naogopa. Mimi sitakuwa kwenye hiyo mashua. Nikifikiria pazia lile la mvua linashuka na wewe uko peke yako kwenye usukani, silali. Nilitaka kiwepo kitu changu mbele ya macho yako. Kitu kilichowahi kuniona nikikosea na kikanirudisha nyumbani. Ningekuwa nimesema hivyo Jumapili badala ya kutaja baraka, sijui ungenijibu nini. Labda ungeichukua usiku ule ule. Jana usiku niliificha kwenye begi lako; leo nimeitoa, iko hapa mezani, nataka kuifuta vumbi na kuifunga vizuri kwa

Ngoja, kuna mtu mlangoni. Ni Abdi.

Nimerudi. Acha nikusimulie kama ilivyokuwa.

Abdi unamjua, yule Msomali wa mbuzi na ng'ombe ambaye redio yake haimalizi mwezi bila kuletwa hapa, kwa sababu anaibeba mnadani juu ya lori la mifugo na anashangaa ikikohoa. Amekuja kuichukua. Akaona dira mezani. "Fundi, hiyo si dira? Niazime kidogo. Najenga chumba nyuma ya duka, nataka pahali pa kusalia, nipime kibla."

Nikavimba kichwa. Nikamwambia hiyo si dira ya sokoni, hiyo ni dira ya mashua, imepita miamba ya Kilifi. Nikaibeba mwenyewe mpaka nyuma ya duka lake, nikaiweka juu ya tofali. Kisahani kikazunguka taratibu, kikasita, kikaendelea, kikatulia.

Abdi akakitazama. Akainua macho akatazama mnara wa msikiti, akatazama jua, akakitazama tena. "Fundi," akasema kwa upole, "kutoka hapa kibla ni karibu kaskazini kabisa. Mimi kwa dira hii nitakuwa nasali nikielekea mnada wa ng'ombe wa Emali, kusini kabisa."

Nikasema ni mabati. Tukaenda uwanjani, mbali na mabati. Emali. Nikasema labda ni nondo zimezikwa pale. Tukavuka upande wa pili. Emali. Nikavua mkanda, Mumbua, mbele ya watu, katikati ya mji wa Machakos, nikatoa funguo na bisibisi, nikasimama nimeshika suruali kwa mkono mmoja. Emali. Abdi akasema, "Ng'ombe nawapenda, lakini si kiasi hicho."

Hapo ndipo nikaona rafu yangu kama mtu anayeonyeshwa picha. Unaijua. Ulikuwa unapanda kiti ukiwa mdogo unaichezea. Juu kabisa iko dira ya Daktari Pinto, kushoto kwake spika, kulia kwake spika, nyuma yake spika za kila ukubwa nilizokusanya tangu nirudi kutoka Mombasa. Nimeilaza dira katikati ya sumaku miaka yote hii, zikiila polepole mpaka zikaigeuza akili. Na sikuwahi kuiuliza kitu. Nilikuwa naifuta vumbi na kuwaonyesha wateja.

Nilianza kucheka pale uwanjani. Abdi akacheka. Nikamsimulia mkebe wa ugoro, akakaa chini. Nilikuwa bado nacheka nikirudi hapa kibandani, nikashika kalamu, nikasoma nilipoishia, pale kwenye "kuifunga vizuri kwa". Kicheko kikakatika.

Kwa sababu ungeibeba. Nakujua. Kesho asubuhi ungekuta imo kwenye begi, ungenikasirikia, na ungeinyamazia. Ungefika Kilifi ukamwambia Bi Rehema tutatumia dira ya baba. Ile unayoitaka, ile mpya, ungeiacha dukani kwa ajili ya neno moja la mzee mwenye hasira mbele ya sahani ya muthokoi. Ungeizungusha mashua kwa utaratibu wako, ungeona dira imeharibika, na labda ungeitoa. Ama labda ungejiambia, siwezi kumwaibisha Baba. Ungenyamaza kama ulivyonyamaza Jumapili. Na mvua ingeshuka na ungeinama mbele ya kitu changu, ukisome kwa bidii.

Watu wamepotea baharini kwa upepo na kwa ulevi. Mimi nusura nikupoteze kwa heshima.

Basi dira yangu haiendi. Nimeirudisha rafuni, kati ya spika zake, pale imeshazoea. Begi lako litakuwa na nguo zako na karatasi hii tu. Kwa Bi Rehema peleka chaguo lako, lile ulilotandaza mezani kabla sijaliwekea jiwe. Haya niliyoandika juu ya betri na bildi, yapime kama maneno ya fundi yeyote wa mtaani. Yakikufaa chukua, yasipokufaa acha. Ukichagua ile mashine kubwa ya kioo vile vile, ni sawa. Nitanung'unika, lakini hiyo ni kazi yangu.

Karatasi hii usiisubirishe mpaka Kilifi. Nitaiweka juu juu ili uione leo ukirudi, na usiniambie kitu. Kesho kabla ya chai njoo tu nje ya nyumba, utanikuta nimesimama. Unajua siku niliyoondoka kwenda Mombasa babu yako alinifanya nini? Alinifungua kifungo cha shati, akanitemea mate kifuani, kidogo tu, kama wazee wetu walivyobariki, akasema enda. Hakuniuliza nimebeba nini, na hakunipa kitu cha kubeba. Nilichukia mate yale mpaka Kibwezi. Kuanzia hapo mpaka Mombasa nilikuwa nimeweka mkono juu yake.

Mama yako atasema ni ushamba na atakufuta na leso. Mwache akufute.

Lile neno la Jumapili nimelirudisha kinywani kwangu. Baraka nakupa nzima, mwanangu, iwe umebeba kitu changu ama hukubeba.

Baba yako,
anayekungoja nje kabla ya chai